Kiganja Kilicholala

Mkufunzi hakuwahi kupanda skuta bila koti. Jua liwe kali kiasi gani, yeye yumo ndani ya koti lake la suti la kijivu, viatu vimepigwa rangi, suruali kaibana kwenye vifundo vya miguu kwa vibanio vya kuanikia nguo, kimoja cha bluu na kingine cha njano. Kichwani kofia ngumu. Ukimwona anateremka kutoka Capri Point, amesimama wima juu ya kile kidude cha umeme, mikono kwenye usukani, koti linapepea nyuma, ungedhani ni mkaguzi wa shule aliyenyimwa gari. Watoto walikuwa wanamkimbilia. Bodaboda walikuwa wanampigia honi. Yeye anawainamishia kichwa wote, taratibu, kama mtu anayepokea heshima aliyokuwa anaitarajia.

Nasema "alikuwa" ingawa yupo hai. Nimekutana naye juzijuzi, nitafika huko. Ila kwangu mimi alishakuwa mtu wa "alikuwa", na kama kuna anayeona nakosa adabu kumsema mtu mzima hivi, anisikilize kwanza mpaka mwisho, halafu aje tubishane.

Kazi yetu ilikuwa hivi. Kampuni ilikuwa na skuta za umeme, zile za kusimama: ubao wa kukanyaga, magurudumu mawili madogo, usukani mrefu. Wageni waliotoka mbugani wakiwa na siku moja ya kupoteza Mwanza kabla ya ndege, tunawavalisha kofia ngumu na kuwazungusha mjini. Tunaanzia bandani kwetu karibu na ziwa, tunapita kwenye mnara wa saa, tunafika Makoroboi walikokuwa wanatengeneza taa za mafuta kwa makopo, tunarudi kwenye Jiwe la Bismarck, watu wanapiga picha, basi. Mwenye kampuni alikaa Arusha na tulimwona mara chache. Waongozaji tulikuwa wawili tu. Mkufunzi alikuwa mbele anaongea. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, nahesabu vichwa na kuangalia nani betri yake inakaribia kuisha, maana milima ya Mwanza inakula chaji vibaya sana. Nafasi yangu aliiita mkia. "Mkia, uko?" anapiga kelele kutoka mbele. "Nipo, Mkufunzi!" najibu. Miaka yote ile niliyofanya naye kazi, nilikuwa namsikia anavyopaza sauti, lakini maneno yenyewe anayowaambia wageni sikuyasikia vizuri hata siku moja. Kumbuka hilo.

Jina la Mkufunzi lilitokana na kunifundisha mimi. Nilikuja pale sijui hata kusimama juu ya skuta. Nilikuwa nimevaa suruali kwa mara ya kwanza mbele ya watu wa mtaani kwetu Kirumba, na bodaboda wa pale kijiweni walishangilia kweli: "Dada, kiti chako kimeibiwa!" Nilitaka kurudi nyumbani. Mkufunzi akasimamisha skuta yake, akavua kofia, akawaendea, akawasalimia mmoja mmoja kwa mkono. Sijui aliwaambia nini. Kesho yake wale wale walinisimamishia magari nivuke. Ndivyo alivyokuwa, anaingia mahali akiwa kichekesho na anatoka akiwa na marafiki, na wewe uliyekuja naye unabaki unashangaa.

Alikuwa Mhaya, na hakutaka mtu asahau. Mimi Msukuma, kwa hiyo utani haukuisha. Nikifika na kimfuko changu cha michembe, viazi vyetu vile vya kukausha, ananusa hewa na kuuliza nani kaleta magome ya mti. Msimu wa senene yeye anakuja na kopo, anatafuna polepole akiwa amefumba macho, na mimi namwambia haya, Nshomile, msomi wetu, kula wadudu wako uongeze akili. "Waitu, ndugu yangu, akili ninazo za kutosha," anasema, "hizi nakula ili nikuazime wewe." Tunacheka. Na kopo analisogeza kwangu. Mkufunzi hakuwa mchoyo wa chakula hata kidogo, hilo nalisema ingawa nimekasirika.

Lakini uongo! Jamani, yule mtu alikuwa muongo. Na hakuwa na uongo wa kujificha, alikuwa nao wa hadharani, anauvaa kama lile koti. Siku moja alikuwa mkufunzi wa chuo cha ualimu. Wiki ijayo alikuwa ofisa wa meli. Mgeni mmoja alimwambia ana baba daktari, kumbe Mkufunzi naye baba yake alikuwa daktari. Jiwe la Bismarck lilikuwa na historia kadhaa kutegemea pasipoti. Wajerumani aliwaambia ile sanamu inayosemekana iliwahi kusimama juu ya jiwe iliangushwa na upepo wa ziwa. Waingereza aliwaambia waliiangusha wao, hongereni. Wamarekani aliwaambia ipo mpaka leo chini ya maji na siku maji yakiwa safi unaweza kuona masharubu. Nikamuuliza, Mkufunzi, ipi ni ya kweli? Akanitazama kwa huruma. "Kituo bila hadithi ni maegesho, Kabula," akasema. Hilo ndilo lilikuwa somo lake kubwa. Alilisema kila siku, huku anapangusa matope kwenye magurudumu kwa mswaki wa zamani.

Somo lake la pili lilikuwa kwamba katika kila safari lazima kuwe na hadithi moja ya mtu aliye hai. Wageni, alisema, wamechoka na Wajerumani waliokufa. Wanataka mtu anayepumua. Nilikubaliana naye. Nilimwona ni mtu mwenye kipaji. Ukweli ni kwamba nilimpenda, kama mtu anavyompenda mjomba mcheshi ambaye mama anamkataza kumwiga.

Tena alikuwa na mambo ambayo hayaendani kabisa na ule uongo. Hakuwahi kumwacha mgeni nyuma. Kuna bibi mmoja wa Kifaransa betri yake iliisha pale kwenye mwinuko, akaanza kulia kwa aibu. Mkufunzi akampa skuta yake, akaisukuma ile iliyokufa kwa mikono mpaka juu, kwa koti lake na viatu vyake, huku anaimba. Alikuwa anajua kusikiliza pia. Ukimweleza jambo, anaacha kila kitu, anakaa, anakutazama mdomo. Hakukatizi. Akiuliza swali, linakuwa swali ambalo ulikuwa unangoja mtu aulize tangu siku nyingi. Mtu mwenye masikio ya namna hiyo unamwambia mambo, na mimi nilimwambia.

Nyumbani kwa mama yangu ni mlimani juu ya Kirumba, kule ambako nyumba zimejibanza katikati ya mawe. Ukuta wa nyuma wa sebule yetu ni jiwe lenyewe. Baba aliona hakuna haja ya kuongeza tofali wakati Mungu ameshaweka ukuta, akajenga kuta zilizobaki akaziegemeza pale. Ni kubaya kwa baridi ya Juni lakini ni imara. Na kwenye jiwe lile, kila Krismasi baada ya kutoka kanisani, Mama alikuwa anatusimamisha mimi na mdogo wangu Masanja, anachukua kipande cha mkaa, anachora mstari juu ya vichwa vyetu. Mistari yangu inapanda mpaka mwaka ule tulipoacha kupimwa. Ya Masanja inapanda kidogo halafu inaishia. Alikufa kwa homa nikiwa darasa la saba, yeye hajafika hata la pili. Mstari wake wa mwisho ulikuwa unanifika kwenye kiwiko.

Baada ya msiba Mama alitundika kitenge pale, cha rangi ya zambarau, kikafunika mistari yote. Hatukuwa tunakifunua. Hatukuwa tunamtaja Masanja. Hakuna aliyeniamuru, ila nilikua nikijua kwamba jambo lile ni la Mama, na mimi kazi yangu ni kupita mbele ya kitenge bila kukigusa. Nilidhani ndiyo heshima.

Jumapili moja nikampeleka Mkufunzi nyumbani. Alikuwa anaishi peke yake chumba kimoja Pasiansi, hana mke, hana mtoto, au siku nyingine alikuwa nao Bukoba, ilitegemea. Mama akampikia sato na ugali wa muhogo. Mkufunzi akala mpaka akalegeza mkanda, akasifu, akauliza juu ya nyumba, nani kajenga, kwa nini jiwe. Halafu akauliza, kwa ile sauti yake ya chini, "Mama, nyuma ya kitenge kuna nini?"

Nilitaka nimkanyage mguu. Mama akainuka, akasogeza kitenge, akamwambia. Alimweleza yote, homa ilivyoanza, shuka aliyofunikwa, jinsi mtoto alivyoomba maji ya ziwani na si ya bomba. Yale ya maji mimi mwenyewe nilikuwa siyajui. Mkufunzi alilia. Mama akanyoosha mkono kuonyesha kimo cha Masanja, na Mkufunzi naye akanyoosha wake akauliza, "Hapa?" "Hapo hapo," Mama akasema. Kabla hajaondoka akamshika Mama mikono yote miwili akamwambia, "Hili nimelisikia kama mwanao, Mama, na halitoki humu ndani." Nilimsikia kwa masikio yangu. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sahani.

Mwaka ule ule nikaolewa, nikahamia Pasiansi na mimi. Krismasi zikawa za ukweni, Sengerema, kama ilivyo kawaida. Mkufunzi akawa ndiye anakwenda kula Krismasi na Mama, na nilifurahi sana, nilimshukuru, nilimnunulia hata tai. Baadaye nikapata mtoto, nikachukua likizo ya uzazi, nikakaa Sengerema kwa mama mkwe mpaka mtoto akapata nguvu. Niliporudi kazini kila kitu kilikuwa kama nilivyokiacha. Mkufunzi mbele, mimi mkia.

Siku yenyewe tulikuwa kwenye Jiwe la Bismarck. Kikundi kidogo. Mkufunzi alikuwa amekwenda kununua maji. Mama mmoja wa Kiholanzi, mtu mzima, mpole, alikuwa amewahi kuja nikiwa likizo, safari hii kamleta binti yake. Akaniuliza, leo hatutakwenda pale mlimani? Nikamuuliza mlimani wapi. Akasema, kwa mama yake kiongozi, kwenye ile nyumba ya jiwe. Nilicheka, nikamwambia labda amechanganya mji. Akatoa simu.

Nikamwona Mama yangu. Kakaa kwenye kigoda chake, kavaa gauni la kanisani, anatabasamu. Nyuma yake kitenge kimevutwa pembeni. Na Mkufunzi kasimama kando ya jiwe, kwa koti lake, uso umejaa huzuni ya kiungwana, mkono mmoja ameunyoosha kuonyesha kimo cha mtoto. Kiganja kimelala.

Ngoja niseme, maana kuna watu siku hizi hawajali. Ukitaka kuonyesha urefu wa mtoto wa mtu, unasimamisha mkono, vidole vinatazama juu. Kiganja kikilala, hicho ni cha kupimia ndama, mbuzi, mbwa. Nyumbani kwetu ukimpima mtoto kwa kiganja kilicholala unachapwa papo hapo, maana ni kama umembandika chini, umemwambia asikue. Wahaya nao wanajua. Siku ile ya sato Mkufunzi aliuliza "Hapa?" na vidole vyake vilikuwa vinatazama dari. Sasa kwenye simu ya Mholanzi, mdogo wangu amepimwa kama ndama, sebuleni kwetu, mbele ya mama yake.

"Alipoteza mdogo wake," yule mama akamwambia binti yake, machozi yanamlenga. "Yeye ndiye alimbeba mpaka hospitali. Ni kitu ambacho sikukisahau."

Nikamrudishia simu. Niliwahesabu vichwa, nikawapanga, nikawarudisha bandani nikiwa mkia kama kawaida, kwa sababu kazi ni kazi. Nikapanda mpaka nyumbani. Mama alikuwa ametoka. Nikaingia sebuleni nikavuta kitenge, mimi ambaye tangu utotoni sikuwahi kukigusa, nikasimama mgongo kwenye jiwe. Mstari wa mwisho wa Masanja haukuwa kwenye kiwiko. Ulikuwa unanifika kwapani. Ulikuwa mweusi, mpya, na chini yake kulikuwa na mingine ambayo sikuijua, na ile ya zamani imefifia kwa kushikwashikwa na vidole.

Nilikaa chini pale pale.

Nilimkuta Mkufunzi bandani anachomeka skuta kwenye chaji. Alipouona uso wangu akaacha waya.

"Umempima ndugu yangu kama ndama," nikamwambia.

Hakujifanya haelewi, hilo namsifu. "Wageni hawaelewi mkono uliosimama, Kabula. Wanadhani unawapungia."

"Na mama yangu kawa mama yako tangu lini?"

"Nilisema ni mama yangu. Ningewaambia ni mama wa mfanyakazi mwenzangu, nani angelia?"

"Wewe ndiye uliyembeba Masanja? Wewe?"

"Kila safari inataka mtu mmoja aliye hai," akasema, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya kufundishia. "Wewe ulikuwa na hadithi hiyo na hukuitumia. Mama yako alikuwa nayo peke yake mle ndani. Mimi nilikwenda nayo nje."

"Uliapa mbele yangu."

Akaokota waya. Nje boda zilikuwa zinapiga kelele, sijui mpira ulikuwa umeisha uwanjani. Nikamuuliza lile la mwisho, ambalo lilikuwa linanichoma kuliko yote. "Na alama? Nani kaihamisha?"

Hapo ndipo alipoangalia chini. Akawa anazungusha kibanio cha njano mkononi. "Wageni waliigusa ikafutika," akasema mwishowe. "Nikachora upya. Nikaipandisha kidogo. Walikuwa wanainama."

Walikuwa wanainama! Ndugu yangu alikuwa mfupi mno kwa wageni. Nilivua kofia ngumu nikaiweka juu ya meza, na fulana ya kampuni nikaileta kesho yake imefuliwa na kupigwa pasi, nisije nikadaiwa. Na tangu siku hiyo sikumpa shikamoo. Kwa mtu wa kwetu kumnyima mtu mzima shikamoo si jambo dogo. Nilikuwa nikimwona barabarani nageuza uso kama sijaiona skuta. Skuta yenyewe huwezi kukosa kuiona.

Mama nilimwambia. Nilimwambia Mkufunzi kakudanganya, amekuwa akiwaleta wageni na kuwaambia wewe ni mama yake na Masanja ni mdogo wake. Nilingoja apige kelele. Alikuwa anachambua dagaa. "Walikuwa watu wazuri," akasema. "Walikuwa wanamtaja jina." Nikaona hajaelewa kwa sababu hajui Kiingereza. Habari za alama kuhamishwa sikumwambia, nilimwonea huruma. Nilikirudisha kitenge vizuri, nikakibana na misumari miwili zaidi, na nikamsihi asimpokee tena. Akasema sawa. Mkufunzi hakurudi. Baadaye kampuni ikafunga banda, skuta zikapelekwa sijui wapi, na mjini wakabaki wanamkumbuka yule mzee wa koti.

Mimi sasa nachukua mchele Sengerema nauza Pasiansi. Kwa hiyo kivuko nakijua. Wiki tatu zilizopita nilikuwa narudi, nimekaa juu ya magunia yangu, nikasikia mabishano chini kwenye magari. Mhudumu anataka kujua kile kidude kiwekwe kwenye mizigo au kwenye pikipiki. Sauti ya taratibu inamjibu kwamba hicho ni chombo cha usafiri, kijana, kiheshimu. Sikuhitaji kutazama.

Alikuwa amekonda. Koti lilikuwa lile lile, mabega yamepwaya. Skuta ilikuwa moja ya zile zetu, sijui aliipataje, haina hata taa, na alikuwa anaisukuma. Akaja moja kwa moja mpaka nilipokaa, kama vile tuliagana jana. Nikasema, "Habari."

"Marahaba," akajibu.

Jamani. Nilishindwa kujizuia, kicheko kilinitoka puani, na nikakasirika zaidi kwa sababu nimecheka. Akakaa kwenye gunia la jirani. Akasema betri imekufa na hapa Mwanza hawana, alisikia kuna fundi Sengerema, fundi naye hana. Akauliza mtoto wangu. Akauliza mchele.

"Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Amefika wapi sasa?"

"Nani?"

Akasimamisha mkono, vidole juu, akaupandisha hewani kidogo kidogo. Masanja.

Nikamwambia ukome. Nikamwambia kila kitu nilichokiweka moyoni, mbele ya watu, kwamba alikula kwetu, aliapa, akamuuza maiti wa mtoto kwa wageni, akamchora upya kwa mkaa wake kwa sababu wageni wanaumwa mgongo. Mama mmoja mwenye kuku akahamisha kuku wake. Mkufunzi alinisikiliza kama alivyokuwa anasikiliza zamani, ananitazama mdomo. Nilipomaliza akasema, "Ya wageni ni yangu. Nilikosa. Ningeanza leo ningefanya tena, lakini nilikosa. Ya mstari si yangu, Kabula."

"Ulisema mwenyewe!"

"Nilisema. Mama yako aliniomba nisimtaje." Akavuta pumzi. "Krismasi ya kwanza nilipokwenda, tulipomaliza kula, alinipa mkaa. Akasema, leo ni siku ya kupima. Nikamuuliza, Mama, tunampima nani? Akasimama pale kwenye jiwe akaniinulia mkono. Nikachora. Nikauliza, hapa? Akasema hapana, amekua zaidi ya hapo. Kila Krismasi. Wageni walikuja baadaye."

Nikamwambia ni muongo. Nilimwambia mara nyingi mpaka kivuko kikagusa ng'ambo. Hakubisha. Aliinuka, akanisaidia kushusha magunia bila kuombwa, akaisukuma skuta yake akaondoka kwenye msongamano, koti na vibanio vyake, mtu aliyeshindwa kunyamazia chochote maishani mwake. Na kama alichosema ni kweli, alikuwa amenyamazia jambo moja tu, na jambo lenyewe lilikuwa langu.

Sikupeleka mchele dukani. Niliacha magunia kwa mtu, nikapanda mlimani. Mama alikuwa sebuleni anashona kifungo. Nikamwamkia, akaitikia, akaniambia mbona unahema. Nikauliza pale pale nilipokuwa nimesimama.

"Mama, nani alihamisha mstari wa Masanja?"

Hakushtuka. Alikata uzi kwa meno. Halafu akainuka, akaanza kung'oa misumari niliyoipiga mimi, polepole, kwa kisu cha jikoni, akakivuta kitenge. Mistari ilikuwa pale. Akasimama kando yake, akanyoosha mkono, vidole vinatazama juu, akaupandisha mpaka ukapita ule mstari, ukapita bega lake, ukasimama karibu na sikio.

"Sasa hivi yuko hapa," akasema. "Nilianza pale pale alipoishia. Sikutaka akue ghafla."

Machozi yalikuwa yananitoka na nilikuwa na hasira, sijui ya nani. "Kwa nini hukuniambia mimi? Mimi ni dada yake. Yule ni mtu wa kupita tu, Mama, muongo, kila mtu anajua ni muongo. Mimi ningekushikia mkaa."

Mama akanitazama.

"Ungekubali?"

Nilifungua mdomo niseme ndiyo. Niliutazama ule mstari mweusi, nikautafuta ule wa zamani, uliokuwa unanifika kiwikoni, ambao sasa ni mimi peke yangu ninayejua ulikuwa wapi. Nikasema, "Hapana, Mama. Ule wa kweli ni ule wa chini."

"Haya," akasema. Hakukasirika. Akakirudisha kitenge, akakinyoosha kwa kiganja, akarudi kukaa, akatafuta sindano yake. "Basi ukimwona tena mwambie aje. Krismasi ndiyo hiyo, na wewe utakuwa Sengerema."